Sifuri Zangu za Miaka Ishirini na Miwili

Wajukuu zangu mnaonisoma, wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu, nimeketi sakafuni na chupa ya chai mkononi. Aliyekosa asihangaike kutafuta gazeti la zamani. Nitarudi nyuma kidogo tu.

Mimi ni mpimaji katika kiwanda cha chupa za chai. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu binti yangu alipofariki, ni msimamizi wa laini katika kiwanda hichohicho. Laini yake ilitengeneza chupa mpya, ndefu na nyembamba, ambayo wafanyakazi waliipa jina Kimbaumbau. Haikupita miezi mingi, Kimbaumbau akaanza kurudishwa kutoka madukani. Anavuja. Chupa kumi na nne katika kila mia.

Lawama ikamwangukia mjukuu wangu. Alikuja nyumbani na chupa moja iliyorudishwa, akaiweka mezani, akaingia chumbani bila kula.

Nikaijaza maji ya moto, nikailaza. Ikavuja. Nikakibonyeza kizibo kwa kidole gumba, nikakizungusha kidogo, nikailaza tena.

Haikuvuja.

Hapo ndipo nilipoketi sakafuni. Leo nawaambia kwa nini, na ni jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua.

Meza yangu iko mwisho wa laini ya chupa ya zamani, ile fupi, nene, ambayo sote tunaiita Kitambi. Kazi yenyewe ni hii. Najaza maji yanayochemka, nafunga kizibo, nailaza chupa juu ya gazeti kuukuu, nahesabu mpaka arobaini. Gazeti likibaki kavu, chupa inaingia kwenye boksi. Likilowa, naandika daftarini chini ya neno Kasoro.

Sasa, kuna jasho na kuna kuvuja. Jasho ni mvuke ulioshika shingo ya chupa wakati wa kumimina. Linaangusha tone la mviringo, limekaa peke yake, mbali na kizibo. Maji yanayovuja yana mkia: unaona mstari umeanzia kwenye kizibo mpaka kwenye gazeti. Jasho haliandikwi. Mpimaji asiyejua tofauti hiyo arudi nyumbani akapike.

Mwaka wangu wa kwanza mezani, Kitambi akiwa bado mgeni sokoni, kila nilipoandika kasoro moja, msimamizi wa wakati ule alishuka akawasimamisha wanawake wa kuunganisha vizibo mbele ya watu wote. Mmoja wao alikuwa shoga yangu, ana mimba ya miezi minane. Siku moja alisimamishwa mara tatu, miguu imevimba kama mito ya kitandani. Mara ya nne gazeti lilipolowa, niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikakibonyeza kizibo kwa gumba. Nikapima tena.

Kavu. Nikaandika sifuri.

Ilikuwa huruma ya siku moja, wajukuu zangu. Ikawa ya wiki. Ikawa mazoea. Mpira wa kizibo ulikuwa unakaa upande, kama kofia ya mlevi, mara moja katika kila chupa saba hivi. Mwishowe sikusubiri hata uvuje. Nilibonyeza kila kizibo kabla ya kupima, kama mtu anavyomfunga mtoto vifungo kabla hajatoka nje.

Miaka ishirini na miwili ya sifuri. Walinipa saa ya ukutani. Walipiga picha meza yangu, wakaitundika mapokezi.

Kisha akaja Mkuu wa Ubunifu.

Wafanyakazi wanamwita Bwana Kilima, maana hawezi kusema maneno matano bila kuchora kilima ubaoni. Mwaka jana alitukusanya sote kwenye kantini, akachora.

"Kila bidhaa ni kama binadamu," alisema. "Inazaliwa hapa chini, inakua, inafika kileleni, inashuka, inakufa. Kiwanda kinachosubiri bidhaa ife ndipo kitafute nyingine, kitazikwa nayo kaburi moja. Kitambi wetu yuko hapa." Akaweka nukta kileleni, upande wa kuanza kushuka.

"Ndiyo maana amenenepa, hakuna mlima tena wa kupanda," akasema fundi wa kalibu, yule anayetengeneza na kutunza vyuma vya kumiminia mpira na plastiki. Sisi wa nyuma tukacheka.

Bwana Kilima hakucheka. "Tunamzaa mdogo wake sasa, wakati mkubwa bado ana nguvu za kumlea. Lakini hatubadilishi kila kitu kwa mkupuo. Ukibadilisha kila kitu, kikiharibika hutajua kilichoharibu. Tunachukua kwa mkubwa kile kilichothibitika kabisa, tunamvisha mdogo."

Akainua juu daftari. Daftari langu.

"Kizibo! Sifuri, sifuri, sifuri, miaka na miaka! Kimbaumbau atavaa kizibo cha Kitambi. Wala hatahitaji meza ya kupimia. Unapima nini kitu kisichokosea?"

Watu wakanipigia makofi. Nami nikasimama, nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Ningesema siku ile, mambo yangeishia palepale kantini. Nilijiambia, mashine mpya ya kufungia itakuwa na mkono mzuri kuliko wetu. Nilijiambia mengi. Mtu aliyepigiwa makofi ana masikio mazito.

Basi twende juzi, siku ya kikao cha kuamua kosa ni la nani.

Kimbaumbau mwenyewe walikuwa wameshamzika. Bwana Kilima ana kanuni yake: bidhaa changa isiyosimama ndani ya miezi sita inaondolewa, isije ikamnyonya mkubwa wake, wote wakafa. Jumamosi mashine za Kimbaumbau zilifunguliwa vipande vipande. Wasichana wa laini walihamishiwa sehemu nyingine. Kilichobaki kilikuwa karatasi moja ya kupelekwa kwa wenye kiwanda, inayosema nani aliyemuua.

Ikiandikwa uzembe wa msimamizi, mjukuu wangu anafukuzwa, na barua ya kufukuzwa inamfuata kila kiwanda atakachobisha hodi.

Asubuhi nilimkuta anapiga pasi ovaroli yake.

"Bibi, usinitazame hivyo, nitaunguza mkono."

"Nikutegee kimoja?"

"Saa hizi?"

"Kifupi tu. Ninaye mtumishi mnene, mfupi, hana mshahara wala jina daftarini, na kiwanda kizima kimemwegemea."

Pasi ikasimama. Mvuke ukapanda mbele ya uso wake, naye akawa anaitazama kola ya ovaroli kana kwamba imeandikwa kitu.

"Chukua mji wowote, Bibi. Nimeshindwa."

"Hujajaribu! Tangu una miaka minne hujawahi kunipa mji bila kujaribu hata mara moja."

"Leo nakupa. Chukua miji yote, na vijiji vyake, na barabara zake. Halafu nisikilize. Leo ni siku yako ya mapumziko. Niahidi hutakanyaga kiwandani."

"Kwani kuna nini?"

"Niahidi, Bibi."

Nikakohoa. Akadhani nimeahidi. Akavaa ovaroli ikiwa bado ya moto, akatoka.

Nilikaa dakika chache nikizungumza na saa ya ukutani. Kisha nikaitia ile Kimbaumbau ndani ya mkoba, nikajifunga kilemba, nikaenda.

Kikao kilikuwa saa nne, chumba cha juu, chenye dirisha linaloangalia laini zote. Nilifika saa nne na robo, pumzi zimenipaa kwa ngazi. Ndani walikuwa wanne: mkurugenzi, ambaye ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni; Bwana Kilima, fundi wa kalibu, na mjukuu wangu, ameketi mikono mapajani.

Aliponiona, alifumba macho.

"Shikamoo, Bibi," akasema Bwana Kilima.

"Marahaba, mwanangu. Lakini sikuja kuamkiwa. Nimekuja kusema."

Nikasema yote. Shoga yangu na miguu yake. Gumba. Sifuri. Sikujipunguzia hata chembe. Nilipomaliza, nikasikia mashine ya boksi huko chini ikigonga.

Bwana Kilima alitabasamu kwa huruma, tabasamu la kumsaidia mzee kuvuka barabara.

"Bibi, hata mimi nina bibi. Najua angefanya hivihivi kwa ajili yangu."

"Hunisadiki?"

"Nasadiki unampenda."

"Basi leteni Kitambi kumi kutoka kwenye laini, kabla hawajafika mezani, bila mtu kuwagusa. Saba wawili wakivuja..." Ulimi ulijikwaa. "Wawili kati ya kumi wakivuja, mtanisadiki?"

Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali.

Wakaletwa. Kumi, wamejazwa maji ya moto, wamelazwa juu ya magazeti, mezani pa wakubwa. Nikahesabu kwa sauti mpaka arobaini.

Kavu. Wote kumi.

"Rudieni," nikasema.

Wakaleta kumi wengine. Nikahesabu, na sauti yangu ikawa inapungua kadiri namba zilivyopanda. Kavu.

Nilijiona kama mwehu aliyeingia msibani akidai marehemu anapumua.

Fundi wa kalibu alijikuna shingo. Ni mtu wa umri wangu, tumezoeana. "Bibi Gumba," akasema, jina alilonipa palepale, na ndilo wananiita sasa. "Hao hawawezi kuvuja. Kitambi anatumia kalibu mpya ya mpira tangu mwaka jana."

"Na ile ya zamani?"

"Ilihamishiwa kwa Kimbaumbau. Walisema mtoto apewe iliyothibitika, mkubwa apewe mpya, maana yeye hata akiyumba hatujali sana. Daftari lako ndilo lililosema ile ya zamani haina kosa."

Nikashika ukingo wa meza. Mwaka mzima nilikuwa nabonyeza vizibo visivyohitaji kubonyezwa, kwa kidole kilichokufa ganzi zamani kwa maji ya moto, na sikujua. Na kosa langu lilikuwa limeshuka ngazi, limevuka ukumbi, limeingia kwenye laini ya mjukuu wangu.

"Iko wapi kalibu hiyo? Ileteni ipimwe!"

"Jumamosi niliikata," fundi akasema. "Kwa mikono yangu. Ilikuwa amri. Imeshaondoka na vyuma chakavu."

Sikukata tamaa. Laiti ningekata. Nikafungua mkoba, nikatoa Kimbaumbau.

"Basi tazameni huyu."

Nikamjaza, nikamlaza. Akavuja, na mkia wa maji ukaonekana wazi. Nikambonyeza kwa gumba, nikamlaza tena. Kavu.

"Mmeona?"

"Nimeona vizuri sana," akasema Bwana Kilima, na mara hii hakutabasamu. "Kikibonyezwa, hakivuji. Maana yake wasichana wa laini hawakuwa wanakibonyeza. Na msimamizi wao ni nani?"

Nilikuja kumtoa mjukuu wangu kwenye shimo, nikamrushia jiwe kichwani.

"Keti, Bibi," mjukuu wangu akasema.

"Sikai! Waambie wasichana wako walikuwa wanabonyeza! Waambie!"

"Haitasaidia kitu," mkurugenzi akasema taratibu. Akanisogezea karatasi. Chini yake kulikuwa na sahihi ninayoijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. "Alishasaini kabla hujaingia. Amekubali uzembe."

"Kwa nini?" Nilimgeukia mjukuu wangu. "Kwa nini, mama?"

Ndipo aliponitazama.

"Asubuhi nilikijua kitendawili chako, Bibi. Kidole gumba. Nimekijua tangu utoto. Kila kizibo cha nyumbani kwetu lazima ukibonyeze, hata cha chupa ya dawa ya kikohozi. Chupa zilipoanza kurudi nikajaribu moja kwa gumba kama wewe, nikaelewa yote. Nilikupa mji ili usiseme."

"Ungesema wewe!"

"Niseme nini? Kwamba bibi yangu alidanganya daftari maisha yake yote? Mimi nina mikono, nitafua nguo za watu. Wewe ungepita vipi mtaani?"

Fundi wa kalibu alitazama dirishani. Bwana Kilima alichukua chaki, akairudisha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na cha kuchora.

Nami nikawaza kama sijawahi kuwaza. Nikaitazama ile ngazi niliyopanda nikitweta, nikaikumbuka picha ya meza yangu mapokezi, na pembeni ya picha...

"Kabati," nikasema.

"Kabati gani?"

"La vioo. Pale mapokezi."

Kiwanda chetu huweka chupa ya kwanza ya kila aina. Wote walioitengeneza husaini chini ya kitako chake, kabati hufungwa kwa lakiri, haiguswi tena. Kitambi wa kwanza yumo mle. Alitoka kwenye kalibu ya zamani, siku ya kwanza kabisa, hata meza ya kupimia haijawekwa. Gumba langu halijawahi kumgusa.

Fundi akaelewa kabla ya wengine. "Lakini ni mmoja tu, Bibi. Umesema anavuja mmoja kati ya saba. Na ukimkuta ni wale sita?"

"Sina mwingine."

Mkurugenzi alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Akivuja, kosa lilikuwa la kalibu tangu mwanzo, na karatasi hii naichana. Asipovuja, saa sita karatasi inaondoka. Na wewe, Bibi, vyovyote itakavyokuwa, kwenye ile meza hurudi."

"Meza nimekwisha kuiaga, mwanangu."

Wakamleta amefungwa kitambaa, kama mtoto mchanga. Maua yaliyochorwa ubavuni mwake bado mekundu. Fundi akaukunja mpira wa kizibo kwa ncha ya kidole. "Bado laini. Mle ndani hapapigi jua." Akaurudisha ulivyokuwa. Mimi niliambiwa niketi mbali, mikono juu ya meza ionekane.

Maji yakamiminwa. Mvuke ukapanda. Kizibo kikafungwa. Kitambi wa kwanza akalazwa juu ya gazeti, na fundi akaanza kuhesabu.

Wajukuu zangu, miaka ishirini na miwili kila nilipolaza chupa niliomba gazeti libaki kavu. Siku ile, mara ya kwanza maishani mwangu, niliomba lilowe.

Ishirini. Ishirini na moja. Mjukuu wangu alikuwa akitazama mikono yangu, si chupa.

Thelathini na tano.

Thelathini na tisa.

"Arobaini," akasema fundi, akainua chupa.

Palikuwa na tone.

"Amevuja!" Fundi alipiga meza kofi.

"Jasho hilo," akasema Bwana Kilima. "Mvuke tu. Niliona wakati wa kumimina."

"Jasho gani? Maji hayo!"

"Jasho!"

"Nyamazeni." Mkurugenzi alinyanyuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti changu. "Hapa hakuna anayejua tofauti ila mtu mmoja. Bibi, umekuja kutuambia umetudanganya miaka ishirini na miwili. Leo nataka kutoka kwako neno moja la kweli. Utakalosema ndilo nitakaloandika."

Nikasogea. Nikainama juu ya gazeti mpaka nikasikia harufu ya wino.

Lilikuwa tone dogo, la mviringo, limekaa peke yake. Nilitafuta mkia. Nilivua miwani yangu, nikaifuta kwa ncha ya kilemba, nikaivaa, nikautafuta tena kutoka kwenye tone mpaka pale kizibo kilipokuwa kimelala. Sikuona mkia.

"Bibi," mjukuu wangu akaninong'oneza, "sema ulichokiona."

Mkurugenzi alilifungua daftari langu, lililokuwa mezani tangu mwanzo wa kikao, kwenye ukurasa mpya, akaniwekea kalamu kati ya vidole. Safu ya Kasoro ilikuwa tupu, na wote walikuwa wanautazama mkono wangu.